Naomba ushauri: kupamba nyumba ya kupanga bila kutoboa ukuta

Ndugu zangu, hamjambo. Ninapanga vyumba viwili huku Kadutu, Bukavu. Mwenye nyumba ameshika garanti yangu, yaani amana ya kodi ya miezi 3, na hataki kusikia habari ya msumari. Juzi nilibandika picha ya marehemu mama kwa skochi, ile tepu ya gundi. Asubuhi nikaikuta chini, imebandua rangi kipande cha ukubwa wa kiganja, chokaa nje. Niliumia sana.

Nina dola 30 tu. Nimefunga kamba kwenye nondo za dirisha nikatundika kitenge cha buluu, chumba kikachangamka. Ila ukuta wa nyuma umeegemea mlima, mvua ikinyesha unatoa jasho. Nikiweka kitambaa pale hakitaota ukungu? Na picha ya mama niisimamishe wapi?