Mashindano ya mbegu za kiume: ni sayansi au kiini macho?

Mleta mada:
Wakuu, Aprili 2025 kule Los Angeles kampuni moja ilijaza watu ukumbini waangalie mbegu za wanafunzi wawili wa vyuo vikuu zikishindana mbio ndani ya mfereji mwembamba. Watetezi wanasema mchezo huu unawafungua wanaume wazungumzie uzazi wao. Lengo silipingi, napinga kipimo.

Mbegu ina urefu wa takriban maikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kwa udogo huo maji ni mazito kama asali: mkia ukiacha kupiga tu, mbegu imesimama papo hapo. Ndani ya mfereji mwembamba haikai katikati, hujibanza ukutani ikaufuata. Ikikutana na mkondo huugeukia na kuupanda. Basi atakayechonga mfereji na kupanga mkondo na joto ana mkono wake kwenye matokeo. Halafu bingwa ni mbegu moja kati ya mamilioni! Daktari haulizi ipi imewahi, anauliza ngapi kati ya mia zinasonga mbele. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataja 30% kama kiwango cha chini cha marejeo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unakaza mno. WHO hao hao walisema 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia ugumba wakati fulani maishani. Mwanaume huchangia katika karibu nusu ya kesi, lakini anayetangulizwa hospitali ni mke. Kama mchezo wa dakika chache utamfanya mume abebe kikopo aende maabara, waache washindane.

Mleta mada:
Na aliyeshindwa je? Ataondoka akijiona mgumba kwa sampuli moja, wakati mbegu huchukua miezi miwili na zaidi kutengenezwa na homa kali ya wiki kadhaa nyuma yatosha kuzishusha. Ndiyo maana maabara humwita mtu arudie kipimo.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana juu ya mbio ambazo hamkuziona. Waandishi waliripoti kwamba zilifanyika pembeni kabla ya onyesho, na kilichorushwa kwenye skrini ni michoro ya kompyuta. Na watu walikuwa wanabeti! Mimi nataka kitu kimoja tu: video ghafi ya hadubini, saa ikionekana pembeni, tangu tone linawekwa hadi mwisho.