Redio ya gari inatoa mlio nikiunganisha simu kwa AUX huku inachaji: tatizo ni redio, waya au altaneta?

Msafiri wa Gairo

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa umeme wa magari, hasa waliowahi kushughulika na redio.

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, na redio yake ina tundu la AUX la milimita 3.5. Safari zangu nyingi ni kati ya Gairo na Dodoma, njia ambayo stesheni za redio huingia na kutoka, kwa hiyo nimezoea kuunganisha simu na kusikiliza mawaidha na taarabu nilizohifadhi. Simu yenyewe huichaji kwa chaja inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Injini inapowaka tu, spika zote hutoa mlio mwembamba kama wa mbu aliye karibu na sikio. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, na nikiwasha indiketa husikika mikwaruzo midogo inayofuata mapigo yake. Nikizima injini na kuacha ufunguo kwenye ACC (hatua inayowasha redio bila injini), mlio unaisha. Stesheni za kawaida na CD hazina kelele hiyo kabisa.

Waya wa AUX nimeshabadilisha na hali ni ileile. Fundi mmoja amenishauri ninunue redio mpya, mwingine anataka kufungua altaneta. Ningependa kuelewa kelele hii inatoka wapi hasa kabla sijatoa fedha yoyote.

Fundi Umeme, Tegeta

Ndugu Msafiri, maelezo yako yamejitosheleza kiasi kwamba naweza kusema redio yako ni nzima. Redio inayopiga CD na stesheni bila kelele haiwezi kulaumiwa kwa kelele inayoingia kupitia AUX pekee.

Kinachotokea ni hiki. Katika gari, upande wa hasi wa betri hufungwa kwenye bodi, na karibu kila kifaa hurudisha umeme wake kupitia bodi hiyohiyo. Athi ya redio, yaani waya wake wa hasi unaofungwa kwenye bodi, imefungwa sehemu moja, na ya tundu la kiberiti imefungwa sehemu nyingine. Kwa kuwa nyaya na bati vina ukinzani, hata kama ni mdogo sana, sehemu hizo mbili hutofautiana kwa milivolti chache, na tofauti hiyo hubadilika kila taa, feni au indiketa inapovuta umeme. Sasa ukichomeka chaja, hasi yake inaungana na hasi ya simu. Ukichomeka AUX, hasi ya simu inaungana na ya redio kupitia kile kipande cha pini kilicho karibu na plastiki, ambacho ndicho pia njia ya kurudi ya sauti. Hapo umeme wa gari umepata njia ya pili ya kurudi, na njia hiyo inapita ndani ya waya wako wa muziki. Sauti inayotoka kwenye simu huwa ni kama volti 1 au chini ya hapo, kwa hiyo milivolti chache tu za ziada zinatosha kusikika.

Kuhusu mlio kufuata mafuta: altaneta, ambayo ni jenereta inayozungushwa na injini, huzalisha umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara) wa fezi tatu, kisha diode zake huugeuza kuwa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Ugeuzaji huo haulainishi umeme kabisa. Juu ya zile volti 14 hubaki mawimbi madogo ambayo kasi yake hufuata kasi ya injini. Hata altaneta isiyo na kasoro yoyote ina mawimbi hayo, ndiyo maana nakusihi usikubali ifunguliwe kabla ya kupimwa.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikiwa inaunguruma na muziki unaendelea, chomoa chaja na uiache simu itumie betri yake. Mlio ukikatika papo hapo, umeshapata jibu. Ukibaki, chomoa pini ya AUX upande wa redio. Kelele ikiendelea hata hapo, ndipo tutakapoanza kuchunguza umeme unaoilisha redio na mahali athi yake ilipofungwa. Altaneta nayo hupimwa kwa mita inayoweza kusoma milivolti za AC, kwenye nguzo za betri, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa: ikizidi volti 0.5, kuna uwezekano mkubwa kwamba diode imekufa. Zile mita ndogo ambazo kipimo chake cha chini kabisa cha AC ni volti 200 hazifai kwa kazi hii. Nyingi huisoma DC kana kwamba ni AC na kuonyesha namba kubwa ya uongo, na inasikitisha kwamba mteja anaweza kubadilishiwa altaneta nzima kwa sababu ya namba hiyo.

Dereva wa Nakuru

Naongeza jambo moja, kwa sababu huku kwetu wengi huingia gharama bila kupata nafuu. Mtu akichoshwa na kelele hii hukimbilia kununua kipokezi cha Bluetooth, akidhani kwamba kuondoa waya kwenye simu kutamaliza kila kitu. Vipokezi vingi, hata hivyo, huchomekwa kwenye AUX na kupata umeme kutoka kwenye chaja ileile ya tundu la kiberiti. Simu imetolewa kwenye mzunguko na kipokezi kikakaa mahali pake, na mlio ukabaki vilevile. Anayetaka njia hiyo atafute kipokezi chenye betri yake ndani, akichaji nyumbani, na safarini akitumie bila kukichomeka kwenye umeme wa gari.

Mkazi wa Tanga

Wanaotumia kirusha mawimbi cha FM, kile kifaa kinachoirushia redio sauti ya simu kama stesheni, wasichanganye tatizo lao na hili. Redio nyingi za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu hutumia 87.5 hadi 108, na virusha mawimbi vingi hufuata masafa hayo ya kwetu. Kama gari halina ekspanda (kifaa kinachoiwezesha redio ya Japani kupata stesheni zetu za juu), nafasi inayopatikana kwa pande zote mbili ni kati ya 87.5 na 90 tu. Mikwaruzo ya hapo mara nyingi ni stesheni iliyo jirani na masafa uliyochagua, na dawa yake ni kutafuta masafa matupu. Ukisafiri kwenda mji mwingine huenda ukalazimika kutafuta upya.

Msafiri wa Gairo

Nawashukuru sana. Nimechomoa chaja injini ikiwa inaunguruma, na mlio umekatika palepale, nikiirudisha, unarudi. Shida ni kwamba betri ya simu haiwezi kumaliza safari bila kuchajiwa. Dukani nimeonyeshwa vichujio viwili: kimoja kina nyaya za umeme za kuunganisha nyuma ya redio, kingine ni kidogo, kina pini ya AUX upande mmoja na tundu upande wa pili. Muuzaji anasema vyote vinafanya kazi moja. Je, ni kweli?

Fundi Umeme, Tegeta

Si kweli, ndugu yangu. Kile cha nyaya za umeme kina koili na kapasita, na kazi yake ni kulainisha umeme unaoingia kwenye redio. Kingekufaa kama hata CD ingekuwa na mlio. Nunua hicho cha AUX. Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, moja ya kushoto na moja ya kulia. Sauti huvuka kwa usumaku bila waya wowote kuunganisha pande mbili, kwa hiyo ule umeme unaotafuta njia ya kurudi hukosa pa kupita. Kiweke kati ya waya wa simu na redio. Vya bei ya chini hupunguza besi kidogo, kwa sababu transfoma ndogo hulemewa na sauti nzito zinapokuwa na nguvu; weka sauti ya simu kwenye robo tatu, kisha ongeza kwenye redio.

Kama ungependa kuondoa chanzo chenyewe, mwambie fundi akufungie tundu jingine la chaja karibu na redio: chanya ichukuliwe kwenye waya wa ACC kupitia fyuzi ya ampea 5, na hasi ifungwe kwenye boliti ileile iliyofungwa athi ya redio. Kabla ya kukaza boliti hiyo, rangi iliyo chini yake ipigwe msasa mpaka chuma king'ae, kwani rangi ikibaki hapo ukinzani unabaki, na tofauti ya milivolti inarudi.

Yupo atakayekushauri ukate waya wa hasi ndani ya AUX. Usikubali. Mlio hautaondoka, kwa sababu sauti yako sasa itarudi kupitia chaja na bodi pamoja na kelele zote za huko, na siku ukichomoa chaja utapata muziki hafifu uliopotoka au usisikie kitu kabisa.