Kubadilisha mabomba ya zamani kidogo kidogo: nianzie wapi?

Muulizaji
Habari zenu, ndugu. Nyumba niliyorithi ina mabomba ya chuma yenye zinki, ambayo ndani yameota kutu kiasi kwamba maji ya asubuhi hutoka na rangi ya chai na bafu la ghorofani hudondosha tu. Sina fedha za kung'oa yote kwa mkupuo. Nikibadilisha kipande kimoja kila nikipata fedha, nianzie wapi, na je, bomba jipya laweza kuungwa na chuma cha zamani bila madhara?

Mchangiaji wa kwanza
Anza na koki kabla ya mabomba. Weka koki kuu mpya maji yanapoingilia, kisha moja kwa kila tawi, ili siku unapokata bafuni, jikoni wasikose maji. Halafu badilisha bomba kuu linalolisha matawi, kwa sababu ukitangulia na bafu, maji yatakuwa bado yanapita kwenye koo lilelile lililoziba, na fedha yako haitaonekana.

Mchangiaji wa pili
Naongezea kuhusu viungo. Shaba ikigusana na chuma chenye zinki, chuma ndicho huliwa upesi, hivyo tumia yunioni, yaani kiungio, ya kutenganisha metali hizo. Plastiki haina tatizo hilo, ila PVC ya kawaida haifai maji ya moto. PPR, plastiki nyingine ambayo huungwa kwa kuyeyushwa, huyastahimili. Tena, fungua kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha, kwa kuwa penye hesi, ile mikato ya kukazia, ndipo bomba lilipo jembamba zaidi. Mimi nilitumia spana moja jikoni, kukavuja ndani ya ukuta wa chumba cha kulala.

Mchangiaji wa tatu
Kabla ya kukata chochote, fundi umeme athibitishe kama waya wa ethi wa nyumba, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umefungwa kwenye bomba la maji, kwani kipande kimoja cha plastiki kitaikata njia hiyo bila mtu kujua. Na kila mkimaliza kipande, ondoeni vichujio kwenye midomo ya mabomba kabla ya kufungulia maji, la sivyo kutu iliyobanduka itaviziba.

Muulizaji
Nashukuru sana. Suala la ethi halikunijia kabisa. Basi mwezi huu nitamwita fundi umeme na kununua koki. Bomba kuu litasubiri.