Mjadala: Je, sheria iweke kipimo cha chini cha nafasi ya kiti cha ndege?

Nimetoka kwenye safari ya saa 14 katika daraja la kawaida. Magoti yalibanwa na kiti cha mbele tangu tunapaa hadi tunatua, lakini lililoniuma zaidi ni mzee wa dirishani, aliyekataa maji kila mara ili asituinue kwenda msalani.

Watu hubishana sana kuhusu kulaza kiti: ni haki au ni utovu wa adabu? Naona tunagombana na mtu asiye na kosa. Wa mbele amelipia kiti kinacholala, wa nyuma amelipia nafasi ya kufungua meza yake. Sentimita zilezile zimeuzwa mara mbili, na muuzaji hayupo pale kuwaamua.

Zamani umbali wa inchi 34 au 35 kati ya kiti na kiti ulikuwa jambo la kawaida. Leo safari ndefu nyingi ni 31 au 32, na baadhi ya ndege za masafa mafupi zimefika 28. Upana nao umeliwa: Boeing 777 zilizokuwa na viti 9 kwa safu, mashirika mengi sasa yanapanga 10, na ndege haijanenepa. Huku safari zinarefuka. Perth hadi London, tangu 2018, ni kama saa 17 bila kutua.

Kuhusu damu kuganda miguuni, tusitiane hofu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari huongezeka karibu mara 2 kwa safari ya saa 4 au zaidi, ila kwa ujumla inabaki ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000, na basi au treni ni vilevile, kwa sababu tatizo ni kukaa bila kusogea. Sasa yule mzee angesogea wapi?

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2018 ikiitaka mamlaka yake ya usafiri wa anga, FAA, iweke vipimo vya chini. FAA ikafanya majaribio ya kutoka haraka ndani ya ndege kwa watu 720, wote watu wazima wasiozidi miaka 60. Watoto hawakuwemo, wala wazee, wala wenye ulemavu. Ndege gani hiyo? Mwaka 2023 mahakama ikakataa kuilazimisha FAA iweke kipimo.

Wanaopinga husema nauli itapanda, na anayetaka nafasi alipe zaidi. Hoja hii naiheshimu. Wapo wanaojinyima mwaka mzima ili wakatibiwe au wakazike, na safu zikipungua gharama itawagusa. Lakini soko linafanya kazi pale mnunuzi anapoona anachonunua. Unapotafuta tiketi unaona bei na saa za kuondoka. Inchi utazijua ukishakaa. Na mrefu hakuchagua urefu wake.

Pendekezo langu: safari inayozidi saa 8 isipungue inchi 32, kipimo kiandikwe kando ya nauli, na viti visimame wima wakati wa chakula.

Wahudumu wa ndege mliopo, ugomvi wa viti mnausuluhisha vipi? Na mnaopinga sheria, mngemlinda vipi yule mzee?