Marekebisho ya 13, 14 na 15 ya Katiba ya Marekani: ya 13 hayakutosha?

Mwl_Uyole: Wakuu, kidato cha sita hapa Mbeya wamenibana. Kama Marekebisho ya 13 yalifuta utumwa, ya 14 na 15 yalitafuta nini? Na kama kura ilipatikana 1870, mbona 1965 ikatungwa tena sheria ya kura?

Mlandege: Kamwene mwalimu. Tangazo la Rais Lincoln la 1863 la kuwaacha huru watumwa liligusa maeneo ya waasi tu, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kentucky na Delaware utumwa uliendelea hadi 6 Desemba 1865, majimbo 27 kati ya 36 yalipokuwa yameridhia Marekebisho ya 13. Hayo yalifuta umiliki, basi. Uraia hayakuutaja, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1857, kesi ya Dred Scott, ilishasema mtu mweusi si raia. Jimbo la Mississippi likawahi mwaka huohuo wa 1865: mweusi asiye na ajira anakamatwa kwa uzururaji (neno tunalijua), akishindwa faini anakodishwa kwa atakayeilipa. Ndipo ya 14 (1868) ikaleta uraia wa kuzaliwa na ulinzi sawa wa sheria.

Sheria_Tukuyu: Mtego uko kwenye ya 15. Haisemi kila raia atapiga kura. Inakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, asili au kuwahi kuwa mtumwa. Sababu nyingine zikabaki wazi, na wenye nia mbaya walizisoma vizuri kuliko wanafunzi wako! Katiba ya Mississippi ya 1890 ikadai kodi ya kura dola 2, pamoja na kusoma kifungu cha katiba au kukieleza kikisomwa. Msimamizi ndiye anachagua kifungu, ndiye anasahihisha. Louisiana 1898 ikaongeza kifungu cha babu: ambaye yeye, baba au babu yake alikuwa na haki ya kura 1 Januari 1867 anasamehewa masharti ya elimu na mali. Weusi walioandikishwa huko wakashuka kutoka 130,334 mwaka 1896 hadi 1,342 mwaka 1904. Sheria ya 1965 ilikuja kuziba hapo.

Mlandege: Waoneshe pia ya 13 inaruhusu kazi ya shuruti kama adhabu ya kosa. Kusini wafungwa wakakodishwa migodini na kwenye reli. Ibara ya 25 ya katiba yetu nayo inakataza shuruti, kisha inaiondoa humo kazi inayotokana na hukumu ya mahakama.

Mwl_Uyole: Ahsanteni. Akiandika "ya 15 iliwapa weusi wote kura" nikate alama?

Sheria_Tukuyu: Kata. Wanawake hawakuwemo hadi Marekebisho ya 19, 1920.