Kuwafanyisha wanafunzi kazi bila malipo kwa kisingizio cha "kuwapa uzoefu" ni wizi

Ndugu wadau, hasa wazazi na walezi wenye vijana wa sekondari, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila likizo inapokaribia, waajiri hutangaza nafasi kwa vijana "wachangamfu na wenye moyo wa kujifunza", na kila likizo inapokwisha, wengi wa vijana hao hurudi nyumbani na malipo yasiyolingana hata kidogo na saa walizosimama. Ukihoji, unajibiwa kwamba mtoto amepata uzoefu. Naomba kuelezwa ni tangu lini uzoefu umekuwa mshahara, na kwa nini meneja anayetoa jibu hilo hakubali naye kulipwa uzoefu mwisho wa mwezi.

Binti yangu ana miaka 16. Kazi aliitafuta mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na nilimuunga mkono kwa sababu naamini kijana hujifunza mengi anapoitafuta fedha yake kwa jasho lake. Alichukuliwa na mgahawa mmoja kuhudumia kaunta, likizoni kwa zamu nzima, na shule zilipofunguliwa kwa saa za jioni. Mkataba hakupewa. Wiki ya kwanza aliambiwa kuwa ni ya majaribio na kwamba haina malipo, ingawa tangu siku ya kwanza alipokea wateja, alishika fedha, alifuta meza na alideki sakafu sawasawa na wenzake wanaolipwa. Ninavyoelewa mimi, majaribio ni kumtazama mtu kwa muda mfupi huku msimamizi akiwa kando yake. Mtu anayeziba pengo la mfanyakazi aliyeko likizo hajaribiwi, anafanya kazi. Tena nimekuja kufahamu kwamba kabla yake alikuwepo kijana mwingine aliyemaliza wiki yake ya majaribio akaambiwa hafai, na kabla ya huyo mwingine tena. Kwa maneno mengine, mgahawa ule haukosi mtu wa bure.

Kuna na suala la daftari la mahudhurio, ambalo kwa mtazamo wangu ndilo wizi uliopangwa kwa ustadi zaidi. Vijana wanatakiwa wafike mapema kupanga viti, kujaza friji na kusafisha vioo, lakini daftari la kusaini linatolewa mlango unapofunguliwa kwa wateja. Usiku mambo hugeuka: wanasaini kwanza kwamba wametoka, ndipo wanaanza kudeki na kufunga hesabu. Kwenye daftari kazi hiyo yote haipo. Mtu mzima mwenye miaka kadhaa kazini angeliona jambo hilo siku ya pili na kuuliza, lakini kijana ambaye hajawahi kuajiriwa popote hudhani ndivyo kazi zote zilivyo, na waajiri wa aina hii wanalijua hilo vizuri.

Sasa nije kwenye makato. Droo moja ya fedha hutumiwa na wahudumu watatu kwa zamu moja, kwa namba moja ya siri, na meneja mwenyewe huchota chenji humo bila kuandika popote. Hesabu ikipungua, shoti hiyo hugawanywa kwa wote waliokuwepo isipokuwa meneja. Siku ya malipo binti yangu alikabidhiwa karatasi iliyochanwa kutoka kitabu cha oda, yenye jina lake la kwanza tu, kisha mstari wa "shoti", mstari wa "aproni", mstari wa "kikombe", na chini kabisa kiasi kilichobaki kikiwa kimezungushiwa wino mwekundu. Haina saa alizofanya kazi, haina kiwango cha malipo kwa saa, haina sahihi ya mtu yeyote. Kikombe chenyewe alikivunja mteja!

Haya si mambo ya kuombana hisani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara, ambao ni wa 95, unaeleza kwamba makato yanaruhusiwa tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi lazima ajulishwe masharti hayo. Meneja kujipangia makato yake usiku, baada ya hesabu kugoma, hakumo katika maelezo hayo. Na mkataba wa 138 wa mwaka 1973, unaohusu umri wa chini wa kuajiriwa, unamtaka mwajiri aweke rejista ya wafanyakazi wote wenye umri chini ya miaka 18, yenye majina yao na umri au tarehe zao za kuzaliwa. Nilipoomba kuonyeshwa rejista hiyo, nilitazamwa kana kwamba nimeomba funguo za kasiki.

Mkataba huohuo wa 1973 unasema kazi nyepesi za vijana wadogo zisiwazuie kuhudhuria shule wala kunufaika na masomo. Nchi nyingine zimeweka hata saa. Nchini Marekani, chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1938, mwenye miaka 14 au 15 hafanyi kazi zaidi ya saa 3 siku ya shule, wala zaidi ya saa 18 katika wiki ya shule. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 1994, uliweka kikomo cha saa 2 siku ya masomo na saa 12 kwa wiki kwa watoto wenye angalau miaka 14 ambao bado wako katika elimu ya lazima. Binti yangu ameupita umri huo kidogo tu, na sheria hiyo ya Marekani kwa wenye miaka 16 na 17 haina kikomo cha saa kabisa. Je, mwili na akili ya mwanafunzi hubadilika usiku mmoja anapotimiza miaka 16? Ratiba ya zamu ya kesho yake ilikuwa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp wakati yeye ameshalala, na kijana aliyeomba kubadilishiwa zamu kwa sababu ya mtihani alijikuta wiki inayofuata hana zamu hata moja.

Sijagusa bado mashine ya kukatia nyama, ambayo aliambiwa aisafishe bila kuelekezwa namna ya kuichomoa kwenye umeme. Marekani, pamoja na ulegevu wake niliousema, inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuigusa mashine hiyo, hata kwa kuiosha.

Wapo watakaonijibu kwamba nao walifanyishwa kazi bure ujanani na leo ni watu wazima wanaojitegemea. Nawapa pole, lakini kudhulumiwa kwao si kibali cha kumdhulumu mwanangu. Binti huyu amejifunza kurudisha chenji bila kusitasita na kumtuliza mteja mkali, na hayo nayashukuru. Amejifunza pia kwamba mwenye mamlaka anaweza kukunyima haki yako na ukatakiwa useme asante.

Nimemwandikia mmiliki barua nikidai malipo ya wiki ya majaribio, ya muda wote uliofanyiwa kazi nje ya daftari, na kurejeshwa kwa makato yote. Alinijibu kwa simu kwamba nisimharibie mtoto jina kwa waajiri wengine. Barua, ile karatasi ya oda na picha za ratiba zote zilizotumwa kwenye kundi, kila moja ikionyesha tarehe na saa, nimezifikisha ofisi ya kazi. Mzazi mwenye kijana aliyefanya "majaribio" ya namna hii, popote pale, asizifute hizo ratiba kwenye simu ya mwanawe.