Mjadala: Mzazi achange kwanza, au auone mpango wa shule kwanza?

Mzazi wa gredi ya tano, Amu (mwenye mada)

Asalam aleikum nyote. Naleta jambo linalotugusa wengi hapa Lamu, na ningependa tulijadili waziwazi, walimu na wazazi.

Tuliitwa mkutano wa wazazi Jumanne saa nne asubuhi. Shule siitaji. Wanaume wengi walikuwa baharini, kwa hiyo waliojaa darasani ni akina mama, tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti akasoma karatasi moja: rangi ya ukuta, geti jipya, mshahara wa walimu wawili walioajiriwa na bodi ya shule, jumla shilingi 800 kwa kila mtoto. Akauliza kama kuna swali. Mama mmoja akauliza kwa nini geti linatangulia vyoo. Akajibiwa kwamba bodi imeshapitisha. Tukaambiwa tuinue mikono, tukainua.

Msimamo wangu ni huu: mpango wa kuboresha shule uandikwe kwanza, wazazi wakiwemo, ndipo mchango utangazwe. Sitaki kuendesha shule. Nataka kilichoandikwa kwenye sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila shule ya umma iwe na Chama cha Wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama. Kamati yake huwa na wawakilishi wa kila darasa. Jedwali la tatu la sheria hiyo linakipa chama kazi ya kujadili na kupendekeza michango, tena na kusimamia miradi ya maendeleo kwa niaba ya wazazi. Kupendekeza, jamani! Sisi twaletewa kiasi kimeshakatwa.

Sasa nauliza: mzazi ana haki ya kuzuia mchango wake mpaka auone mpango?

Mwalimu, kisiwa cha Pate

Mama, wa aleikum salaam. Nimekusoma na nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe.

Tuanze na pesa. Elimu ya bure ilipoanza 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 650 za vifaa vya masomo na 370 za matumizi mengine. Baadaye ikapanda ikawa 1,420. Shule ya watoto 300 basi ina 426,000 kwa mwaka mzima, na hazifiki kwa mkupuo, wala hazifiki kwa wakati. Humo kuna mlinzi, ukarabati, maji. Huku visiwani maji ya kisima yana chumvi, tangi likikauka lazima mtu alipe boti ilete mengine. Mkisema hamchangi mpaka mpango uandikwe, ujadiliwe, urekebishwe, usomwe tena, watoto wanakunywa nini muda huo wote?

La pili ni zito zaidi. Nimefundisha mahali ambapo mzazi akishaingia kwenye kamati, jambo lake la kwanza ni mwalimu gani aondolewe. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu anawajibika kwa Tume, ndivyo Katiba inavyosema katika Kifungu cha 237. Na sisi wa kutoka bara huku ni wageni. Hatuna ami wala mjomba wa kututetea barazani. Mlango huo ukifunguliwa, walimu wataomba uhamisho, na mnajua wenyewe kupata mwalimu wa kukaa visiwani kulivyo kugumu.

Mama wa watoto wanne, Siyu

Mwalimu, hilo la walimu kusingiziwa nalikubali, nimeliona. Lakini nyote wawili mwazungumza pesa, na mimi mwanangu hajui kusoma.

Yuko gredi ya nne. Jioni mimi nasuka ukili, yeye anisomea kitabu cha Kiswahili. Nikawa nafurahi, asoma vizuri, kidole chafuata mistari. Siku moja nikamwekea kidole changu katikati ya ukurasa nikamwambia anza hapa. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno moja tu, «mkoba», akaitazama picha akanambia «begi». Kumbe hadithi ameihifadhi yote moyoni, herufi hazijui.

Hilo halimo kwenye karatasi ya mwenyekiti yeyote. Kwenye karatasi kuna rangi na geti, kwa sababu rangi na geti vyaonekana mgeni akija. Nikiulizwa mimi mpango uanze wapi, nitasema uanze kwa kujua ni watoto wangapi katika kila gredi hawajui kusoma. Shirika la Uwezo lilianza kupima hivyo 2009, majumbani, kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na waliopima walikuwa watu wa kujitolea. Kwa nini sisi tusifanye kwenye shule yetu?

Na mkutano mkubwa sisi wanawake hatusemi. Mbele ya wazee, mbele ya mume wa shangazi yako, utasimama useme mwanangu hajui kusoma? Tuiteni gredi kwa gredi, baada ya alasiri, mwalimu wa darasa na mama zao. Huko tutasema.

Maalim wa chuo, Amu

Bi wa Siyu umesema kweli, Mungu akuzidishie.

Naongeza la kwetu. Shule ikiona matokeo ni mabaya, dawa yake ni masomo ya ziada Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi watoto wako chuoni, wasoma Qurani. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Mtoto aambiwa na mwalimu asipokuja ataadhibiwa, na mimi namwambia asipokuja ataadhibiwa. Mtoto afanyeje?

Sheria inaweka katika Bodi ya Usimamizi wazazi sita wa kuchaguliwa, watatu wa mfadhili wa shule, na mmoja wa makundi maalumu ya jamii. Nafasi hizo zipo. Walimu wa vyuo watumike. Mtoto aliyetoroka shule kwenda kuvua, mimi namjua kabla ya mwalimu mkuu, kwa sababu jioni chuoni hufika akisinzia kwa uchovu. Ukinipa kiti sitauliza habari ya geti. Nitauliza ratiba ya wiki, tugawane saa za mtoto kwa haki.

Kijana wa mji wa Hindi, Lamu bara

Samahani wakubwa zangu. Naona tunawatwika wazazi mzigo wa serikali. Shule za wadi ya Basuba, hapa Lamu, zilikaa miaka zimefungwa kwa ajili ya mashambulizi. Wazazi wa kule walikuwa na mpango, walikuwa na hamu, mwalimu hakuwepo. Kamati ipi ingemleta? Mwalimu wa bodi kulipwa na mama anayesuka ukili ni aibu ya serikali. Tukiandika mipango mizuri ya kuchangishana, serikali itaona tumejitosheleza.

Mwenye mada

Ndugu yangu wa Hindi, Basuba umeigusa kwa haki na sina la kukupinga hapo. Upungufu wa walimu ni wa serikali. Ila mpango ulioandikwa ndio utakaompa mzazi cha kupeleka kwa ofisi ya elimu: hizi gredi mbili hazina mwalimu tangu Januari, hawa watoto hawajui kusoma. Bila karatasi tutakwenda na malalamiko, nao malalamiko wanayo tele.

Wala si kitu kigeni. Katika PRIEDE, mradi wa kukuza elimu ya msingi ulioanza 2015, shule za msingi 4,000 hapa Kenya zilipewa ruzuku za kutekeleza mipango ya kuboresha shule. Mradi umepita, lakini hakuna anayetuzuia kuandika mpango bila ruzuku.

Mwalimu, hofu yako naielewa. Basi tuandike kabisa kwamba jina la mwalimu halijadiliwi mkutanoni, mwenye shitaka apeleke panapohusika. Lakini hesabu zibandikwe ubaoni, nje ya ofisi, kila muhula: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hapo sitarudi nyuma. Mama aliyetoa 800 kwa kuuza mikeka ana haki ya kujua imekwenda wapi bila kugonga mlango wa mtu.

Mvuvi, Kizingitini

Mwauliza haki ya kukataa kuchanga. Mimi nauliza mwachangisha lini. Muhula wa pili waanguka ndani ya kusi. Kusi likivuma bahari yachafuka, wiki nzima chombo chaweza kukaa pwani, na ndio wakati barua ya mchango huja. Muhula wa kwanza ni kaskazi, bahari shwari, kamba wapatikana, pesa ipo. Angetuuliza mtu mmoja tu, angeambiwa: chukueni yote Januari hadi Machi, kusi mtuache.

Na asiye na pesa ana mikono. Kuna mafundi wa mawe na chokaa hapa kijijini, kuna wakata boriti. Choo cha matundu mawili twaweza kukisimamisha sisi wenyewe tukipewa saruji na mabati. Lakini karatasi haina mstari wa kazi, ina mstari wa shilingi tu.

Mwalimu, kisiwa cha Pate

Mzee wa Kizingitini, hilo la kusi na kaskazi sikulijua, na mwalimu mkuu wetu pia ni wa bara. Nitamfikishia.

Bi wa Siyu, mikutano ya gredi nakubali, hata kesho. Kupima kusoma pia, mradi matokeo yasibandikwe kwa majina ya watoto. Hesabu ubaoni, ni sawa. Nisichokubali bado ni mzazi kuzuia mchango. Mmoja akizuia wote watazuia, na walimu wa bodi ndio wa kwanza kukosa mshahara.

Mwenye mada

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 29, inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kuwa tozo haikulipwa. Kwa hiyo mzazi akichelewa, mtoto hafukuzwi. Mimi nitalipa sehemu ya walimu wa bodi sasa hivi, kwa sababu wale wameshafanya kazi. Ya rangi na geti nitaishika mpaka nione kwa nini vyoo vimewekwa nyuma. Nadhani hiyo ndiyo njia ya haki, na akina mama wenzangu nawaomba tuwe na kauli hiyo.

Mwalimu, kisiwa cha Pate

Hiyo naweza kuitetea mbele ya wenzangu. Basi usingoje mkutano. Mwandikieni mwenyekiti wa Chama cha Wazazi barua, mtie saini wengi, muombe mambo manne yaingie kwenye ajenda: mikutano ya gredi, kipimo cha kusoma, hesabu ubaoni, na mpango kabla ya mchango. Jambo lisilo kwenye ajenda huachwa likae chini ya mengineyo, na yakifika mengineyo adhuhuri imeingia, watu washaondoka.

Maalim wa chuo, Amu

La tano, ratiba ya Jumamosi.

Mvuvi, Kizingitini

Na la sita: isiwe Jumanne saa nne. Ijumaa baada ya sala twakuwa nyumbani sote.

Mama wa watoto wanne, Siyu

Ijumaa ni sawa kwa wanaume. Gredi kwa gredi ibaki alasiri, siku nyingine. Barua nitaiandika mimi usiku wa leo, atakayetia saini anipe jina lake na gredi ya mtoto.